Uniti 12 walizokataa kutoa: kisa cha wabashiri wanne na kampuni ya takwimu za michezo

Kisa hiki kimeandikwa kwa ruhusa ya waliohusika. Majina, nchi, aina ya mchezo na viwango halisi vya fedha vimeondolewa. Kila kiasi kimegeuzwa kuwa uniti, na mtaji wa kundi katika mwaka wa ofa umehesabiwa kuwa uniti 100. Nimesoma kumbukumbu za vikao vyao, lahajedwali walilotumia kuamua, na ujumbe waliomwandikia mtu aliyewaletea ofa. Kundi lilitunza karatasi zake vizuri kuliko kampuni nyingi ninazozijua, na bila karatasi hizo uchambuzi huu usingewezekana.

Usuli

Watu hawa wanne waliishi kwa kubeti, hawakuwa na mshahara mwingine. Nitawaita kwa majukumu yao. Mkuu alianzisha kundi na ndiye aliyeshika mtaji. Mtakwimu alijenga modeli za kukadiria nafasi ya kila timu kushinda. Wawili waliobaki walikuwa waweka dau: walifungua akaunti, walisaka bei nzuri, na walihakikisha dau limeingia kabla bei haijabadilika.

Mtu akisikia habari za wacheza kamari huwaza mikeka ya mechi kumi na mbili na dua za dakika ya tisini. Hawa walifanya kazi tofauti kabisa. Waliweka dau moja moja, dogo, mara nyingi sana, na pale tu modeli ilipoonyesha kwamba odi iliyotangazwa (bei ya kampuni ya kubeti, yaani dau linalipwa mara ngapi likishinda) ni kubwa kuliko inavyostahili. Odi ya 2.00 maana yake bei inalipa sawasawa iwapo tukio lina nafasi ya 50%. Modeli ikisema nafasi ni 53%, kila uniti 100 zinazowekwa kwenye dau za aina hiyo hurudisha 106 kwa wastani. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kazi yenyewe.

Kwa kiasi cha dau walifuata kanuni ya Kelly, iliyotolewa mwaka 1956 na John Kelly, mtafiti wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani. Kanuni hiyo huchukua nafasi unayoikadiria na bei unayopewa, kisha inakuonyesha sehemu ya mtaji unayopaswa kuweka ili mtaji ukue kwa kasi kubwa iwezekanavyo kwa muda mrefu. Kwenye mfano wa odi 2.00 na nafasi ya 53%, jibu ni 6% ya mtaji. Hata hivyo wabashiri wengi makini huweka nusu au robo ya jibu hilo, kwa sababu makadirio ya nafasi huwa na makosa na kanuni haimsamehe anayezidisha dau.

Baada ya makosa ya modeli na bei zilizokimbia, faida yao halisi ilikuwa 3% ya fedha yote waliyoizungusha. Walizungusha mtaji mzima kama mara 12 kwa mwaka, hivyo uniti 100 zilileta uniti 36. Mwisho wa mwaka faida yote iligawanywa na mtaji ukarudi kuwa 100.

Kwa nini hawakuiacha faida ikae ili mtaji ukue? Kwa sababu kazi yao ilikuwa na ukuta. Kwa kawaida kampuni za kubeti hazilazimiki kumkaribisha mshindi. Akaunti inayoshinda mfululizo hubanwa: mwezi huu unaruhusiwa dau kubwa, mwezi ujao unaachiwa kiasi kisichofidia hata muda uliotumia kutafuta bei. Kwenye masoko ambako mtu hubeti dhidi ya mtu mwenzake, kikomo ni fedha ambayo mtu wa upande wa pili yuko tayari kuweka. Kundi hili lingepata mtaji mara mbili, lisingeweza kuweka dau mara mbili. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu walilijua kwa vitendo kila wiki, halafu halikuonekana popote kwenye hesabu yao ya ofa.

Ofa

Kwa miaka miwili kundi lilimtumia mwanaprogramu wa mkataba. Alijenga mfumo uliokusanya odi kutoka kampuni nyingi pamoja na matukio ya mechi zinazoendelea: mabao, kadi, wachezaji walioingia na kutoka. Mfumo ulisafisha takwimu hizo na kuzifikisha kwa Mtakwimu zikiwa tayari kutumika. Mkataba ulikuwa wazi kwamba modeli ni mali ya kundi na programu ya kukusanya takwimu ni mali ya mwanaprogramu.

Muda ule, miaka michache kabla ya 2018, mwanaprogramu aliamua kuanzisha kampuni ya kuuza takwimu hizo. Aliwaandikia barua ya kurasa mbili yenye bajeti na orodha ya wateja aliokusudia kuwafuata. Aliomba uniti 12, naye atoe 20% ya hisa na kiti kimoja kwenye bodi. Kwa hesabu hiyo, kampuni pamoja na fedha itakayoingia ilikuwa na thamani ya uniti 60. Aliwapa siku kumi za kujibu kwa kuwa kulikuwa na mwekezaji mwingine anayesubiri.

Siku kumi

Siku ya kwanza barua ilipokelewa kwa mashaka. Kumbukumbu zinamnukuu Mkuu akisema: "Mwenye siri ya kushinda haiuzi." Msemo huo umewaokoa wabashiri wengi. Mitandao imejaa watu wanaouza mechi za uhakika, na jibu sahihi kwao ni kuuliza kwa nini hawazibeti wenyewe. Lakini mwanaprogramu hakuwa anauza mechi. Muuza takwimu hulipwa na kila anayezihitaji, awe mbashiri, kampuni ya kubeti au chombo cha habari, na malipo yake hayategemei nani kashinda. Kinga nzuri ilielekezwa kwa mtu asiyehusika nayo.

Siku ya tatu Mtakwimu alileta lahajedwali. Siku ya sita waliongea na mwanaprogramu kwa simu ya video. Kumbukumbu za mazungumzo hayo zina maswali kumi na moja. Tisa kati yake yalihusu usiri wa modeli zao: nani ataziona, je, wateja wapya wataweza kubuni kundi linabeti nini. Mawili yalihusu biashara. Hakuna swali hata moja kuhusu bei ya hisa.

Siku ya nane walipiga kura. Watatu walikataa. Mweka dau mmoja hakupiga kura, lakini alitoa pendekezo, na limeandikwa kwa mstari mmoja: "Tumpe uniti 3 tu tuone." Chini yake kuna maneno matatu: "Wazo halikujadiliwa zaidi."

Jibu walilotuma lilikuwa fupi na la heshima: "Asante sana kaka. Tumekaa tumelijadili, kwa sasa hatuko tayari. Tunakutakia kila la heri." Hawakuomba taarifa za maendeleo wala kumwambia arudi akipata wateja wa kwanza.

Sababu walizoandika

Sababu ya kwanza na nzito ilitoka kwenye lahajedwali. Mtakwimu aliandika nafasi ya kampuni kufanikiwa kuwa 10%, na malipo ikifanikiwa kuwa mara nane ya fedha iliyowekwa. Kumi kwa mia mara nane ni 0.8. Kwa hiyo kila uniti moja ingerudisha 0.8 kwa wastani, yaani dau la hasara. Kwenye mstari uliofuata aliandika kile ambacho fedha hiyo ingeleta ikibaki kwenye kubeti: faida ya 36% kwa mwaka, ikilimbikizwa miaka mitano, ni mara 4.65. Mbele ya 4.65, namba 0.8 haikuacha mjadala.

Sababu ya pili ilikuwa muda. Mbashiri hujua matokeo ya dau lake ndani ya saa mbili. Hata kabla ya hapo anayo bei ya mwisho, ile odi inayobaki mchezo unapoanza. Ukipata 2.10 na bei ikafunga 1.95, ulipata bei bora kuliko ya mwisho, na umefanya kazi nzuri hata timu ikipoteza. Ndani ya miezi michache una dau elfu na unajua kama modeli yako ina thamani. Hisa za kampuni changa hazina kipimo kama hicho, na kundi lilichukulia kisichopimika haraka kuwa kisichofaa.

Ya tatu ilikuwa hofu kwamba kampuni ingewauzia takwimu bora wale wale wanaobeti dhidi yao. Mkuu aliliita jambo hilo kumpa adui silaha. Ya nne iliandikwa kwa ufupi mno: majina. Katika nchi nyingi mamlaka za michezo ya kubahatisha hutaka kujua wenye hisa wa kampuni inayohudumia sekta hiyo, na wabashiri wa kazi hawapendi majina yao yafike mezani kwa kampuni zinazobana akaunti. Kati ya sababu zote nne, hii ya mwisho ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko walivyoiona wenyewe.

Kilichofuata

Mwekezaji aliyekuwa akisubiri aliingia. Mwaka wa kwanza kampuni iliuza takwimu kwa wabashiri binafsi na ikafanya vibaya, kwa kuwa wateja hao hulipa kidogo na huhama haraka. Mwaka wa pili iligeukia kampuni za kubeti na vyombo vya habari, ambako mkataba mmoja ulizidi mapato ya wateja binafsi wote.

Kisha ukaja mwezi Mei 2018. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilibatilisha sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 iliyokuwa imezuia majimbo mengi ya nchi hiyo kuruhusu kubeti michezo. Jimbo baada ya jimbo lilianza kufungua soko, na kila kampuni iliyoingia ilihitaji takwimu za haraka na za kuaminika. Thamani ya biashara hiyo ilionekana wazi mwaka 2021, pale kampuni mbili kubwa za takwimu za michezo, Genius Sports na Sportradar, zilipoingiza hisa zao kwenye masoko ya New York. Kampuni ya mwanaprogramu haikufika huko. Ilinunuliwa yote na kampuni kubwa zaidi. Kwa awamu za mtaji zilizopita katikati, wawekezaji wapya wakipewa hisa mpya, 20% ya mwanzo ingekuwa imemegwa hadi 11% hivi, na kwa bei ya mauzo sehemu hiyo ilikuwa na thamani ya uniti 143, karibu mara 12 ya fedha iliyoombwa, na zaidi ya mtaji mzima wa kundi.

Katika miaka hiyo hiyo kazi ya kundi ilizidi kuwa ngumu. Akaunti zilibanwa moja baada ya nyingine. Bei zikawa sahihi mapema zaidi, kwa sehemu kwa sababu kampuni za kubeti zilikuwa zimenunua takwimu bora. Faida ilishuka kutoka 3% ya mzunguko hadi karibu 1%, na mzunguko wenyewe ukapungua kutoka mara 12 hadi mara 7. Uniti 36 za kila mwaka zikawa uniti 7. Mweka dau mmoja aliondoka.

Uchambuzi

Kabla ya yote, namba 143 iwekwe pembeni. Mbashiri mzuri hahukumu dau kwa matokeo, na nisingependa kulitendea kundi hili yale ambayo lenyewe halikuwahi kujitendea. Uamuzi wa Marekani wa mwaka 2018 haukuwa kwenye barua ya mwanaprogramu, na hakuna aliyetakiwa kuubashiri. Kampuni ingeweza kufa mwaka wa kwanza. Swali ni kama hesabu ya siku ya tatu ilikuwa sahihi kwa taarifa walizokuwa nazo siku hiyo. Haikuwa sahihi, na makosa yake yote yalikuwa yanaonekana siku ile ile.

Fedha iliyofanya kazi na fedha iliyolala

Kosa kubwa ni ile 4.65. Mtakwimu alichukua faida ya wastani ya mtaji mzima akaifanya kuwa gharama ya uniti 12. Nilipopitia daftari la dau, nilitafuta siku ambayo fedha nyingi zaidi ilikuwa nje kwa wakati mmoja. Mwisho wa wiki ulioelemewa kuliko wote katika mwaka wa ofa ulikuwa na uniti 55 kwenye dau zilizo wazi. Uniti 45 zilikuwa zimekaa. Sehemu ya hizo ilihitajika, kwa sababu vipindi vya kupoteza huja na mtaji usio na akiba huvunjika. Tukiwatengea uniti 20 za akiba, na hilo ni jambo la busara, bado uniti 25 hazikuwa na kazi yoyote na zisingeipata, maana ule ukuta wa akaunti ulikuwa palepale.

Uniti hizo 25 hazikuwa zikileta 36% kwa mwaka. Zilileta sifuri. Faida yote ya 36 ilitengenezwa na uniti 55, jambo linaloonyesha jinsi kazi yao ilivyokuwa nzuri na jinsi lilivyokuwa kosa kuihesabia kila uniti ya mtaji faida hiyo. Ukitoa uniti 12 kwenye fungu lililolala, kubeti hakupungukiwi na dau hata moja. Kipimo sahihi cha ofa kilikuwa kama inarudisha zaidi ya moja pamoja na riba ambayo benki ingelipa. Kuidai irudishe 4.65 kulikuwa kuipa mtihani wa fedha nyingine.

Na hata hiyo 4.65 haikuwa ya kweli kwa fedha iliyokuwa kazini. Hesabu ya kulimbikiza hudhani faida inarudi kazini kila mwaka, nao walikuwa wakiigawana kila Desemba kwa sababu haikuwa na pa kwenda. Bila kulimbikiza, miaka mitano ya 36% ni mara 2.8. Mtu aliyezoea kuandika nafasi kwa desimali tatu aliandika ukuaji ambao yeye mwenyewe alijua hautokei. Nadhani ilimponyoka kwa sababu mstari ule haukuwa dau, na umakini wake wote ulikuwa kwenye dau.

Mistari miwili pale palipohitaji minne

Lahajedwali liliichukulia kampuni kama mechi: inashinda au inapoteza, na ikishinda malipo yanajulikana. Kubeti kumejengwa hivyo. Odi ni 3.50, ukishinda unapata 3.50, hakuna siku utalipwa 60. Biashara changa hazilipi kwa namna hiyo. Nyingi hupoteza kila kitu, baadhi hurudisha fedha, chache hulipa vizuri, na mara moja moja inatokea moja inayolipa kupita kiasi. Sehemu kubwa ya thamani ya dau la namna hii imekaa kwenye tukio hilo adimu, na ndilo Mtakwimu alilolifuta alipoandika "mara nane" kama kikomo.

Nilimwomba Mtakwimu atengeneze upya jedwali kwa makadirio ambayo angeyatetea mwaka ule, bila kujua yaliyofuata. Alitumia siku nzima. Aliweka nafasi ya 70% ya kupoteza yote, 20% ya kurudishiwa fedha tu, 8% ya kupata mara 10, na 2% ya kupata mara 60. Jumla ni 0.2 na 0.8 na 1.2, yaani 2.2 kwa kila uniti. Mtu anaweza kubishana na kila namba hapo. Ukiipunguza ile 2% ikawa 1%, bado unapata 1.6. Kufika chini ya 1 kunahitaji kufuta tukio adimu lote na kupunguza na yaliyobaki.

Hata hivyo 2.2 peke yake isingebadilisha uamuzi, kwa kuwa ingewekwa kando ya 4.65 na kushindwa. Makosa mawili yalilindana: aliyesahihisha moja angebaki na jibu lile lile na kuamini amehakiki.

Taarifa waliyokuwa nayo peke yao

Ile 10% ilitoka wapi? Mtakwimu aliniambia aliichukua kutokana na maneno ya jumla kwamba kampuni changa nyingi hufa. Kama mwanzo wa makadirio, si mbaya. Lakini kundi hili lilikuwa limetumia bidhaa ya kampuni hiyo kila siku kwa miaka miwili. Kwenye kompyuta zao kulikuwa na kumbukumbu za muda zilizoonyesha takwimu za mwanaprogramu zikifika sekunde kadhaa kabla ya zile za wauzaji wawili waliokuwa wakilipwa fedha nyingi. Walijua ni mara ngapi mfumo ulianguka, na kwamba ulianguka mara chache. Walimjua mwanaprogramu, walijua hujibu simu saa nane usiku mechi ikiendelea.

Katika kazi yao, mtu anayejua kipa wa kwanza ameumia kabla soko halijajua, kisha akabeti kwa wastani wa msimu, huyo hafai kukaa mezani. Kwenye ofa hii walishika taarifa za aina hiyo hasa, na hazikuingia hata kwenye seli moja. Kwangu hili linauma kuliko yale mengine, kwa sababu lilikuwa ndani ya uwezo wao halisi. Mwekezaji aliyeingia badala yao hakuwa na kumbukumbu za sekunde, alikuwa na barua ya kurasa mbili tu.

Silaha ya adui ilikuwa pia bima

Hofu ya Mkuu ilikuwa na ukweli. Kampuni za kubeti zikipata takwimu bora, bei zao husahihishwa, na faida ya kundi hupungua. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini kukataa kwao hakukuzuia chochote, kwa sababu barua ilisema wazi kuna mtu mwingine anayesubiri. Mambo mawili pekee yaliwezekana: takwimu ziuzwe nao wakiwa na hisa, au ziuzwe nao wakiwa hawana.

Likiangaliwa hivyo, lile lililowatisha ndilo lililoifanya ofa iwafae wao kuliko mtu mwingine yeyote. Kila mkataba ambao ungeifanya kubeti kuwa ngumu ungepandisha thamani ya hisa. Mapato yao yote yalitegemea jambo moja, kwamba kampuni za kubeti ziendelee kukosea bei, na hapa palikuwa na mali ambayo ingelipa siku zitakapoacha kukosea. Bima kwa kawaida hulipiwa. Hii kwa hesabu ya 2.2 ilikuwa inakulipa uichukue. Hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba mtu aliuliza, "Sisi tutaishije iwapo kampuni hii itafanikiwa?" Lingeulizwa, sababu ya tatu ya kukataa ingekuwa sababu ya kwanza ya kukubali.

Hatari ya kutegemea soko moja haiwahusu wacheza kamari wote, na wapo walioivuka. Edward Thorp, aliyeitumia kanuni ya Kelly kwenye karata za blackjack, alihamishia ujuzi huo kwenye mfuko wa uwekezaji mwishoni mwa miaka ya 1960. Jeff Yass na wenzake, waliokuwa wacheza poka na wabeti wa mbio za farasi, walianzisha Susquehanna, kampuni ya biashara ya hisa na masoko ya fedha, mwaka 1987, na mwaka 2012 kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuwekeza ByteDance, kampuni iliyoanzisha TikTok. Fikra za nafasi na bei hazimzuii mtu kuona biashara nzuri. Kilicholizuia kundi letu ni kuhamisha vipimo vya meza moja kwenda meza nyingine bila kuvikagua.

Bei haikuwa kwenye skrini

Mbashiri huchukua bei au huiacha. Hampigii simu mwenye kampuni amwombe 2.15 badala ya 2.05. Mazoea hayo yaliwafanya waisome ofa ya uniti 12 kwa 20% kama odi iliyotangazwa, ilhali ilikuwa maneno ya kufungulia mazungumzo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema walipaswa kukubali. Uniti 12 zilikuwa nyingi mno. Kanuni ya Kelly, ikipewa lile jedwali la mistari minne, inatoa kati ya 5% na 6% ya mtaji. Kwa desturi yao ya kuweka nusu, jibu ni uniti 3 kwa kukadiria. Kuweka 12 kungekuwa zaidi ya maradufu ya kiwango cha juu ambacho kanuni yao wenyewe inaruhusu, kwenye dau ambalo kwa nafasi ya 70% linapotea lote. Kura ya kukataa uniti 12 ilikuwa sahihi.

Kura isiyopigwa ndiyo iliyowagharimu. Yule mweka dau aliyesema "tumpe uniti 3" alikuwa amefika kwa hisia mahali ambapo kanuni yao ingewafikisha kwa hesabu. Kwa masharti yale yale, uniti 3 zingepata 5% ya hisa. Mwanaprogramu ameniambia angezikubali, na angewapa pia haki ya kuongeza katika awamu inayofuata, kwa sababu kuwa na wateja wa kwanza miongoni mwa wanahisa kungemsaidia kuwashawishi wengine. Hawakumuuliza.

Majina

Sababu ya nne ilistahili kikao chake. Kampuni ya kubeti inayonunua takwimu ingeweza kukataa mkataba ikigundua kwamba mwanahisa mwenye kiti kwenye bodi ni mbashiri iliyemfungia akaunti. Mgongano wa maslahi ulikuwepo kweli: mwanahisa anayebeti kwa kutumia takwimu za kampuni yake kabla ya wateja kuzipata anawaibia wateja. Hili halitatuliwi kwa kuficha jina. Lingetatuliwa kwa kuachia kiti cha bodi, kutangaza umiliki wazi kwa mamlaka na kwa wateja, na kuandika kwenye mkataba kwamba kundi litapata takwimu kwa muda ule ule ambao wateja wengine wanazipata. Sharti la mwisho lingepunguza faida ya kubeti, na inawezekana kundi lingeliona gumu. Mimi nalichukulia kuwa ndilo gharama halisi ya ofa ile, na ndilo lililopaswa kukaa kwenye mstari wa pili wa lahajedwali mahali pa 4.65.

Yaliyofanywa vizuri

Hawakukopa. Hawakumwonea mwanaprogramu haya kwa sababu ya miaka miwili ya kazi pamoja. Waliandika sababu zao kabla ya kura, na hawakuzibadilisha baada ya kusikia bei ya mauzo. Mtakwimu alinipa lahajedwali likiwa na seli zake zote, pamoja na ile ya 10%, ambayo angeweza kuifuta bila mtu kujua.

Walichobadilisha

Kundi sasa lina watu watatu na taratibu mpya tatu, moja kwa kila kosa wanalokubali kuwa lilikuwa kosa. Kila robo ya mwaka mweka dau anaandika kiwango cha juu cha fedha iliyokuwa nje kwa wakati mmoja, na kinachobaki baada ya akiba huhamishiwa fungu tofauti lisilopimwa kwa faida ya kubeti. Ofa yoyote ya biashara hujibiwa kwanza kwa swali la kiasi, kuanzia uniti 1 kwenda juu, kabla ya kura ya ndiyo au hapana. Na mtu anayetoa pendekezo lisilojadiliwa ana haki ya kudai liwe la kwanza kwenye kikao kinachofuata.

Kuhusu bima hawajakubaliana. Mkuu bado anaona kuwa na hisa kwenye kampuni inayowahudumia wapinzani wao ni kujichimbia kaburi, na Mtakwimu anaona kinyume chake. Mwaka jana walipata ofa nyingine, ndogo, ya programu inayosaidia kampuni za kubeti kutambua akaunti za washindi. Waliingiza uniti 1 kwa kura mbili dhidi ya moja, majina yao yakiwa yameandikwa wazi kwenye daftari la wanahisa.